Baba Yuko Kilindini

Barabara ya Nkrumah hapa kisiwani Mombasa inaanzia jirani na Fort Jesus na kwenda hadi kwenye Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, la Wakatoliki. Jua likiwa na huruma ni mwendo mfupi wa miguu. Mwalimu yeyote wa sande skuli mwenye macho angeona nilichokiona mimi: Mwana ana ngome yake mwanzo wa barabara, Roho ana kanisa lake mwisho wake, na watoto wangu wanapita hapo wakienda shule. Somo gumu kuliko yote ya imani yetu limeshajengwa kwa mawe. Kilichobaki ni kunyoosha kidole.

Nikakinyoosha. "Mwana tumempata, Roho tumempata," nikawaambia. "Amebaki nani?"

"Baba!" likajibu darasa zima.

"Na Baba yuko wapi?"

Nilikuwa nangoja "kila mahali". Ndilo jibu la sande skuli. Hata ukiwa umesinzia ukashtuliwa na swali usilolisikia, sema "kila mahali" au "Yesu", utapata peremende. Lakini msichana mmoja ambaye babake huendesha mashine ya kupakua makasha alisimama akajibu kwa uhakika wa mwenye habari za ndani: "Baba yuko Kilindini. Leo ana shifti ya usiku."

Hakuna aliyecheka. Nusu ya darasa walitikisa vichwa kukubali, maana baba zao pia wako Kilindini. Mmoja akasema wake yuko Doha. Mwingine akasema wake hajulikani aliko, na jirani yake akamuuliza kwa wema kama wamejaribu kumpigia simu. Somo likageuka orodha ya mahudhurio ya akina baba. Nilipojaribu kulirudisha barabarani, mvulana wa benchi la mbele akauliza kama Yesu ndiye aliyefungwa Fort Jesus. Swali la haki kabisa. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593 wakaipa jina la Yesu, lakini Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na babu wa mvulana huyu husimulia habari za gereza, si za Wareno. Nikasema hapana, si Yesu. "Basi kwa nini isiitwe kwa jina la aliyefungwa?" akauliza, na saa yangu ikaniambia muda umekwisha.

Yote haya yalitokana na Jumapili ya Utatu, ile inayofuata Pentekoste. Kasisi wetu alitaka mwaka huo watoto wasimame mbele ya kanisa na kazi ya mikono yao wenyewe, waeleze Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Alilitamka neno "kazi ya mikono" kwa furaha ya mtu asiyefua nguo za watoto.

Mimi riziki yangu ni ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Maisha yangu ni fomu. Kila kinachoingia Kenya kwa meli kina jina moja, uzito mmoja na idadi moja, na idadi ikileta utata mzigo hulala ghalani na kutozwa kwa siku. Ningepewa fomu ya Utatu Mtakatifu ningekwama kwenye kisanduku cha idadi, na mzigo ungekuwa umelala hadi leo.

Wakubwa kuniliko walitokwa jasho hapo. Agostino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, aliandika vitabu 15 juu ya Utatu, na vilimchukua karibu miaka 20. Mimi nilipewa muda ulio kati ya matangazo na sharubati. Tena watawa waliojiita kwa jina la huyo Agostino wana historia hapa kisiwani isiyomtia moyo mwalimu. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mdogo, akalelewa na Waagostino, akabatizwa Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, akamuua kapteni wa Wareno, akarudi kwenye Uislamu. Hao walikuwa walimu wenye mwanafunzi wa kifalme, wakakaa naye miaka na miaka. Mimi nilikuwa na darasa zima, mkasi mmoja na gundi iliyokauka mdomoni.

Kitabu cha mwongozo kiliandikwa nchi ya baridi, na mtu mwenye friji nzuri. Kinasema twaa tofaa: ganda, nyama, mbegu. Tofaa la Marikiti bei yake ni ya kuitishia harambee. Kinasema twaa jani lenye vidole vitatu ambalo Mtakatifu Patrick, kwa mujibu wa hadithi, aliwaonyesha watu wa Ireland. Hadithi ni tamu, ila jani lenyewe halioti Makadara. Kinasema twaa barafu, maji na mvuke. Nikanunua barafu ya mfuko. Ilikuwa imeshakuwa maji kabla sijamaliza kumtaja Baba, na mtoto mmoja mwenye kiu akalimaliza somo kwa mkupuo.

Nikaona niachane na Ulaya. Mtoto gani wa Pwani asiyeijua nazi? Kifuu, nyama, maji: kitu kimoja, ndani yake vitatu. Tungevunja nazi, tukazikuna kwa mbuzi, tukavipaka vifuu rangi, kila mtoto akaenda kwao na kikombe cha kuwekea kalamu. Nilieleza mpango huu kwa walimu wenzangu na hakuna aliyeona kasoro, na mpaka leo nasema mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mtoto wa Rabai.

Mtu angetarajia mtoto wa Rabai awe na imani iliyonyooka, maana ndiko Krapf na Rebmann walikofungua misheni mwaka 1846. Lakini babu wa mtoto huyu ni mgema.

"Ticha, umesahau makumbi," akasema. "Kwanza kuna makumbi, ndipo kifuu. Ni vinne."

Nikamwambia makumbi hutolewa kabla nazi haijafika sokoni, kwa hiyo hatuyahesabu. Akaniangalia kwa huruma. "Halafu nazi haikuanza nazi. Ilikuwa kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi. Sasa Mungu ni yupi hapo?"

Darasa likapata uhai ambao sijawahi kuuona tangu siku ya pilau ya Krismasi. Wakaigawa nazi upya bila msaada wangu. Dafu ni Baba, kwa sababu lilitangulia. Koroma ni Mwana, kwa sababu halikai muda mrefu. Nazi ni Roho, kwa sababu ndiyo tuliyo nayo sasa hivi. Mungu mmoja, akibadilika jina kadiri ya umri. Ilikuwa safi, ilikuwa fupi, na kila mtoto aliielewa. Hapo ndipo kivuli cha Kasisi kilipotokea dirishani.

"Hongereni," akasema. "Hiyo ni imani ya Sabelio." Watoto wakapiga makofi. Hawakujua kwamba Sabelio alitengwa na kanisa la Roma katika karne ya 3 kwa kufundisha hayohayo: kwamba Baba, Mwana na Roho ni majina matatu ya Mungu yuleyule akivaa sura tofauti kwa nyakati tofauti. Mzee wa watu hakuwa na minazi, ikambidi afikiri. Watoto wangu waliufikia uzushi wake kwa njia ya mkato.

"Na tembo je?" akaendelea yule wa Rabai, ambaye hakuona sababu ya kusimama. "Mnazi ukigemwa hupati nazi, wapata tembo." Nikamkataza tembo kanisani. Akanikumbusha kwamba siku ya Pentekoste, katika Matendo ya Mitume, watu waliomshuhudia Roho akishuka walidhani mitume ni walevi. Alikuwa na mlango na mstari. Wakati nautafuta mstari huo nione kama kuna njia ya kutokea, watoto wa benchi la nyuma walikuwa wameshaila nyama ya nazi yote, na dada mmoja mdogo akalia kwamba kakake amemla Mwana. Nikawaambia hilo ni somo la Meza ya Bwana, si la leo.

Kanga nitaipitia haraka kwa sababu ilinipita haraka. Pindo, mji na jina. Wanawake wa kanisa wameivaa tangu wazaliwe, na Biashara Street iko hapo tu. Tukachora kanga kwenye karatasi za manila. Kasisi akapita akasema Mwana si theluthi ya Mungu, wala Roho si upindo wake, kila Nafsi ni Mungu mzima. Nikasema sawa. Msichana mmoja akanyoosha mkono akasema kanga haiuzwi moja, huuzwa doti, kwa hiyo ni sita. Mwingine mahali pa jina aliandika kwa herufi kubwa TICHA ACHA KUTUHARAKISHA. Nimeihifadhi. Ndiyo kazi bora ya sanaa iliyotoka katika darasa lile.

Tuktuk sikuitaka mimi. Waliitaka wao. Mvulana mmoja, ambaye nyumbani kwao tuktuk hulala uani na watoto hulala wakizisikia zikipoa, alikuja na hoja iliyokwisha pangwa: magurudumu matatu, gari moja, ondoa moja, halisimami, hakuna moja linalotangulia kufika. Kusema kweli lile la tatu lilinishinda. Nikaruhusu. Nao wakatengeneza kwa maboksi ya dawa ya meno, vifuniko vya soda, waya na kanda ya manjano. Zilikuwa tuktuk zenye vioo vya pembeni. Moja ilikuwa na redio. Nyingine iliandikwa mgongoni UTATU SACCO, na chini yake njia yake: Marikiti hadi Mbinguni kupitia Buxton.

Nikamwomba mwenye hoja aeleze. Akaishika tuktuk yake hewani. "Gurudumu la mbele ni Baba, kwa sababu ndilo linalokata kona. Haya mawili ya nyuma ni Mwana na Roho. Haya yanafuata tu."

Kutoka dirishani ilisikika pumzi ndefu.

Ario alikuwa padri wa Aleksandria, mji wa bandari, na alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, kwamba yuko chini ya Baba. Mwanahistoria mmoja wa kale anaeleza kwamba aliyatungia mafundisho yake nyimbo, za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, ili yatembee. Yakatembea, hadi Kaisari Konstantino akaona awaite maaskofu Nikea mwaka 325 wayakatae pamoja. Ario angekuwa hai leo asingetunga nyimbo. Angenunua tuktuk.

"Huo ni uzushi," Kasisi akasema, safari hii akiwa ameingia ndani.

"Tuktuk ni uzushi?" akauliza yule mvulana.

Kasisi akafikiri. Ni mtu mkweli, na ukweli ndio unaomponza. "Kwa somo hili, mwanangu, ndiyo."

Kisha akanivuta pembeni, karibu na kabati la vitabu vya nyimbo. "Mwalimu, umeshapitia Sabelio, umemgawa Mungu vipande, na sasa Ario. Ukiendelea hivi, kufika Krismasi utakuwa umewamaliza wazushi wote wa karne nne za kwanza. Wengine huhitaji chuo kizima." Nikamuuliza yeye angetumia nini. Akasema yeye hangetumia kitu. Akasema mababa wa kanisa walichofanya hasa ni kusema "si hivi" na "wala si hivi", kazi ya kutia ua, si ya kutengeneza sanamu. Nikamuuliza kama watoto wanaweza kusimama mbele ya kanisa na kazi ya mikono iitwayo Si Hivi. Akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea.

Kwa maoni yangu alikuwa na haki, na haki yake haikunisaidia kitu. Mtoto ukimpa kitu mkononi atakifungua. Ndiyo maana ya mkono. Na kila kitu kinachofunguka kina vipande, na kila chenye vipande kina kipande kikubwa, na mtoto wa kwanza katika familia ya watoto sita atakwambia bila kusita kipande kikubwa ni nani.

Gregori wa Nisa alilalamika kwamba katika Konstantinopoli ya karne ya 4 hukuweza kununua mkate bila mwokaji kukufahamisha kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana, na ukimuuliza mwenye hamamu kama maji yako tayari, anakujibu kwamba Mwana ametokana na utupu. Nimewahi kuisoma habari hiyo nikidhani ametia chumvi. Ila wiki ile nilipokuwa napita Ndia Kuu, muuza kahawa aligonga vikombe vyake, akainamisha dele, na kabla sijaonja akauliza: "Ni kweli mwafundisha watoto kuunda tuktuk kanisani?" Mji wa Kale hauna siri. Nyumba zake zimekaribiana mno. Nikamwambia somo limebadilika, natafuta kitu cha kusuka. Akanielekeza Kibokoni, kwa bibi mmoja mwenye asili ya visiwa vya Wabajuni, anayesuka ukili barazani kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wataka mkeka ama mkoba?"

"Nataka miyaa tu, bibi, ya rangi. Ni ya watoto. Kwa somo."

"Somo la nini?"

Nikasita. Ni mtaa wa misikiti, na msikiti wa Mandhry ulikuwapo kabla Fort Jesus haijawekewa jiwe la kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza la mtu, mkononi kahawa yake ya tangawizi, kinywani kashata yake. Sikuona kwamba ni mimi niliyetumwa kuitisha Baraza jingine la Nikea. "Somo la kusuka," nikasema.

"Basi anza na tatu," akasema bibi, na vidole vyake vikaanza bila kumngoja. "Mbili hazisuki, hupindana tu, ukiziachia zimeachana. Tatu ndizo zikaazo. Waona? Hii yaenda kati, kisha hii, kisha hii. Kila moja ina zamu yake ya katikati. Hapana mkubwa. Ukivuta moja, zaja zote."

Kashata ilinikwama. Sabelio alikuwa amepigwa, kwa sababu zote tatu zilikuwapo kwa wakati mmoja. Ario alikuwa amepigwa vibaya zaidi. Yote hayo yamefanywa na bibi ambaye angejua anafanya nini angeniomba nirudishe kikombe. Nilijifariji kwamba Mombasa ndivyo ilivyo tangu zamani: Krapf alipoanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji huu, Ali bin Muhidini. Nikanunua vitita vya rangi nyekundu, kijani na zambarau. Sikupunguziwa bei.

"Rangi hii haijakamata sawasawa," bibi akaniambia nikiwa nimeshainuka. "Zirashie maji kidogo zilainike. Zirashie, mwanangu. Usizitie majini."

Nikawaambia watoto wazirashie maji kidogo. Niliyasema hayo nikiwa nimegeuka kuandika ubaoni, na nilipogeuka tena miyaa yote ilikuwa ndani ya ndoo ya kupigia deki, imezamishwa kwa kiatu. Lakini wakasuka! Wavulana waligoma mwanzoni kwamba kusuka ni kwa wasichana, hadi yule wa babake Kilindini akawaambia kamba nene zinazofunga meli gatini zimepindwa kwa nyuzi tatu, na kamba hizo hushikwa na wanaume wenye helmeti. Kufika mwisho wa somo kila mtoto alikuwa na ukili wake, na kila mtoto alikuwa na mikono ya rangi ya zambarau mpaka kwenye kiwiko. Nikawahakikishia wazazi kwamba itatoka kwa maji. Kwa maji ilikuwa ikitoka bila kukoma. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Jumapili ya Utatu huangukia msimu wa masika, na masika ya Mombasa hayasomi kalenda ya kanisa. Mvua ilianza wakati watoto wamepanga mstari nje, mikononi wameinua kili zao, wamevaa nguo nyeupe. Walipoingia hawakuwa wamevaa nguo nyeupe. Kasisi alikuwa amevaa joho lake jeupe la sikukuu, lenye uzi wa dhahabu, kumbukumbu ya kutawazwa kwake, na kwa upendo wake wa kawaida akainama kuwapokea mmoja mmoja, nao wakamkumbatia mmoja mmoja. Kisha tukapeana amani. Nimesikia mahubiri mengi juu ya jinsi amani ya Bwana inavyosambaa kutoka mtu hadi mtu, lakini sikuwahi kuiona kwa macho, ikitoka benchi la watoto kwenda la akina mama, ikaruka kwa wazee wa kanisa, ikafika kwaya na ikaishia kwenye vitufe vya kinanda, yote kwa rangi ya zambarau.

Msichana aliyechaguliwa kueleza akapanda mbele. Aliinua ukili wake. "Hii ni Baba," akasema, akausogeza karibu na macho. "Au hii." Maji yalikuwa yamefanya kazi yake. Nyekundu, kijani na zambarau zilikuwa zimeingiana zikawa rangi moja isiyo na jina, na hapakuwa na mtu ndani ya jengo lile aliyeweza kusema ipi ni ipi. Imani ya Atanasio inatuonya tusizichanganye Nafsi wala tusiugawanye Uungu. Mvua ilikuwa imelifanya la kwanza. Mtoto wa Rabai, aliyesimama nyuma ya msichana huyo na kuona uzi unaning'inia, akauvuta, akalifanya la pili.

Nilimtazama Kasisi. Mashavu yake yalikuwa na alama za vidole. Aliichukua maikrofoni kwa utulivu wa mtu anayejua bado kuna ibada ya pili, akawageukia watoto, akauliza lile swali ambalo mtu mwenye busara haulizi mbele ya watu: "Basi, wanangu, katika majuma yote haya mmejifunza nini?"

Nilitumaini watasema "kila mahali". Nilikuwa tayari kwa "Yesu". Lakini yule mvulana wa magurudumu matatu alikuwa mbele kuliko wote, na alikuwa na jibu alilopewa na Kasisi mwenyewe.

"Tumejifunza tuktuk ni uzushi."

Kanisa lilicheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, mzee wa kanisa, mwenye tuktuk kadhaa mjini, na ya mwisho aliyonunua Kasisi mwenyewe ndiye aliyeiombea pale nje ya lango, akaiwekea mkono kwenye usukani. Tena alikuwa babu yake mvulana.

Ibada ilipokwisha nilikawia kwa makusudi. Nikakunja magazeti, nikaosha ndoo, nikaiosha tena. Mvua haikukatika. Nilipotoka hatimaye, barabara ilikuwa tupu na mbele ya lango palikuwa na tuktuk moja tu, injini inanguruma, na ndani yake mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Panda."

Nikapanda. Tukaenda kimya hadi Treasury Square, wipa likienda upande mmoja tu. Kisha akaanza, bila kugeuka. Alitaka nimweleze, polepole, kwa lugha ya mtu ambaye hakusoma sana, gari lililompeleka mjukuu wake shule tangu darasa la kwanza limekosa nini mbele za Mungu. Nikamweleza juu ya Ario. Nikamweleza juu ya gurudumu la mbele na magurudumu ya nyuma. Nikamweleza kwamba katika Utatu hapana wa kwanza wala wa mwisho, kwamba ni mmoja na ni watatu, na kwamba ile "mmoja" haipunguzi ile "watatu". Alisikiliza vizuri kuliko darasa langu lote. Tulipofika kwangu akazima injini, akatulia, akasema sasa amefahamu.

Nikamshukuru, nikamuuliza nauli. Akanitajia.

"Mzee, hiyo si nauli ya watu watatu?"

"Mwalimu," akasema, akinyoosha kiganja chake cha zambarau, "si umesema mwenyewe?"